Sikio Moja na Masikio Mawili: Somo la Kunasa Sauti



Siku hizi karibu kila sherehe ya shule hunaswa sauti. Kwaya ikisimama kuimba, mtu huinua simu yake. Mgeni akihutubu, mtu huweka kinasa sauti mezani. Kazi hiyo ni njema, lakini wengi huifanya bila kujua jambo moja la msingi. Sauti yaweza kunaswa kwa mkondo mmoja, nayo huitwa mono. Au yaweza kunaswa kwa mikondo miwili, nayo huitwa stereo. Wengi hudhani kwamba stereo ni bora siku zote, kwa kuwa mbili ni zaidi ya moja. Hata mimi nilidhani hivyo, na dhana hiyo iliniponza. Katika somo hili nitaeleza maana ya mambo haya mawili, yalikotoka, na kazi ambayo kila moja linafaa. Mwishoni nitawaambia yaliyonipata, ili yasiwapate ninyi.

1. Kwa nini tuna masikio mawili

Tuanze na jaribio lisilo na gharama. Mfunge mwenzako kitambaa machoni, umketishe katikati ya uwanja. Nenda polepole upande mmoja, kisha tikisa funguo. Ataonyesha kwa kidole mahali ulipo, wala hatakosea sana. Sasa mwambie azibe sikio moja vizuri kwa kidole, nawe uhame kimya kimya na kuzitikisa tena. Atajua bado kuwa ni funguo wala si kengele, lakini mara nyingi kidole chake kitaelekea mahali pasipo.

Sababu yake ni hii. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Funguo zikilia upande wa kulia, sauti hufika kwanza sikio la kulia. Kufika la kushoto haina budi kuzunguka kichwa. Kuchelewa huko ni kudogo mno, hata upande ulio mbali kabisa si zaidi ya sehemu 7 hivi za elfu kumi za sekunde. Hata hivyo ubongo hukutambua. Tena kichwa chenyewe hukinga sauti kama ukuta. Sauti nzito hukizunguka kwa urahisi, lakini sauti nyembamba hupungua nguvu kabla ya kufika upande wa pili. Ubongo hulinganisha tofauti hizo mbili, ya wakati na ya nguvu, ndipo tunapojua sauti imetoka wapi.

Basi shikeni neno hili, maana ndilo mzizi wa somo lote: sikio moja latuambia ni sauti gani, masikio mawili yatuambia iko wapi.

2. Mono

Thomas Edison alipotengeneza fonografu yake mwaka 1877, mashine ile ilikuwa na sindano moja iliyochora mfereji mmoja. Hata kama mbele yake wangesimama waimbaji kumi na wapiga ngoma watano, sauti zao zote zingejumlishwa kuwa mtikisiko mmoja wa sindano moja. Hiyo ndiyo mono. Na hata ukiipiga kwa spika ishirini, bado ni mono, kwa sababu kila spika hutoa kitu kile kile.

Lakini tusiidharau. Mono huhifadhi maneno, tuni, mapigo, na ukubwa wa sauti. Huhifadhi hata umbali. Mtu akiimba karibu na maikrofoni twasikia pumzi yake. Akiimba mbali twasikia zaidi mwangwi wa chumba. Kwa hiyo katika mono kuna mbele na nyuma, ila hakuna kulia wala kushoto.

3. Stereo

Mwaka 1881 yalifanyika maonyesho ya umeme mjini Paris, Ufaransa. Bwana Clément Ader aliweka vinasa sauti vya simu mbele ya jukwaa la Opera, akavuta nyaya hadi kwenye maonyesho. Msikilizaji alishika vipokea sauti viwili, kimoja kila sikio, na kila kimoja kilitoka sehemu yake ya jukwaa. Watu walishangaa kusikia waimbaji wakihama kutoka upande mmoja hadi mwingine, ijapokuwa hawakuwaona.

Hata hivyo mtu aliyelifanya jambo hili kuwa elimu kamili ni Alan Blumlein, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kufanya kazi katika kampuni ya EMI. Husimuliwa kwamba alikwenda sinema na yule aliyekuja kuwa mkewe, akakerwa kuona mchezaji yuko upande mmoja wa pazia na sauti yake yatoka upande mwingine, kwa kuwa spika ilikuwa moja tu. Mwezi Desemba 1931 aliomba hataza ya njia za kunasa na kupiga sauti kwa mikondo miwili. Alijaribu kwa watu waliotembea chumbani wakizungumza, na mwaka 1934 alinasa okestra ya London Philharmonic ikiongozwa na Thomas Beecham katika studio za Abbey Road. Hakuishi kuona kazi yake ikienea. Tarehe 7 Juni 1942 ndege aliyokuwamo, wakijaribu rada ya vita, ilianguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 38. Santuri za stereo zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958, na mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa zimezishinda za mono katika maduka ya Ulaya na Marekani.

Katika stereo spika ni mbili, na kila moja ina mkondo wake. Sauti ikiwa na nguvu sawa katika zote mbili, wewe uliyeketi katikati utaisikia mbele yako hasa, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Masikio yamepata habari zilizo sawa, na ubongo waamua kwamba sauti imetoka katikati. Nguvu ikizidi kulia, mwimbaji huhamia kulia.

Lakini hila hiyo ina sharti lake. Wewe na spika mbili mnapaswa kuwa kama pembetatu yenye pande sawa. Ukisogea karibu na spika moja, sauti yake hukufikia kwanza, na waimbaji wote huonekana kuhamia huko. Ndiyo maana katika ukumbi wetu wa chakula stereo huwafaa wachache walioketi katikati tu. Walio kando husikia nusu ya kwaya, na pengine nusu hiyo haina sauti ya kwanza.

4. Mbili zikirudi kuwa moja

Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo someni polepole.

Mafundi wa stereo walijua tangu awali kwamba wengi wataendelea kusikiliza kwa spika moja. Kwa hiyo katika santuri ya stereo walipanga hivi: sindano ikienda kulia na kushoto, hubeba jumla ya mikondo miwili, ikienda juu na chini, hubeba tofauti yake. Gramafoni ya mono husoma ile ya kulia na kushoto tu, basi hupata jumla. Redio za FM zilizoanza kutangaza stereo huko Marekani mwaka 1961 zilifuata shauri hilo hilo: jumla hutumwa mahali ambapo kila redio yaisikia, na tofauti hutumwa kando kwa redio zinazoweza kuitumia.

Hata leo ni hivyo. Simu nyingi, redio ndogo za betri, na spika za ukumbini huijumlisha stereo kuwa mono. Sasa twende darasani kwenye somo la mawimbi. Mawimbi mawili yaliyo sawa yakikutana kilele kwa kilele, huongezana. Yakikutana kilele kwa bonde, hufutana. Vivyo hivyo mikondo miwili ikijumlishwa.

Chukua mfano wa hesabu. Maikrofoni mbili zinamnasa mwimbaji mmoja, lakini ya pili iko mbali naye kwa sentimita 34 zaidi ya ile ya kwanza. Sauti itachelewa kufika ile ya pili kwa sehemu 1 ya elfu ya sekunde. Tuni yenye mitetemo 500 kwa sekunde hutumia sehemu 2 za elfu kwa mtetemo mzima. Kwa hiyo kuchelewa huko ni nusu ya mtetemo. Kilele kinakutana na bonde. Ukijumlisha mikondo, tuni hiyo hupungua sana, na pia ile ya 1,500, na ya 2,500, na kuendelea. Mwimbaji atasikika kama anayeimbia ndani ya bomba.

Liko jambo baya zaidi. Nyaya za maikrofoni moja zikiunganishwa kinyume, kila kilele cha mkondo mmoja kitakuwa bonde katika mkondo wa pili. Hapo si tuni moja moja zitakazofutika, bali kila sauti iliyo sawa katika mikondo yote miwili. Na sauti iliyo sawa katika yote miwili ni ipi? Ni ile iliyo katikati, yaani mwimbaji mwenyewe.

5. Kila moja na kazi yake

Msidhani kwamba mono ni ya watu wasio na vyombo. Beatles walipotengeneza Sgt. Pepper mwaka 1967, wenyewe walishughulika zaidi na ile ya mono, na ile ya stereo ilitengenezwa kwa muda mfupi zaidi. Brian Wilson wa Beach Boys alitoa Pet Sounds mwaka 1966 kwa mono. Sikio lake la kulia lilikuwa halisikii. Stereo ya kazi hiyo ilitolewa mwaka 1997, baada ya miaka 31. Mtu yule hakuweza kusikia kulia na kushoto, lakini alipanga sauti kwa ustadi ambao wenye masikio mawili wameusoma hata leo.

Sasa tutazame Uganda. Mwaka 1950 na mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey alipita hapa akinasa muziki, akiwa na maikrofoni moja aliyoishika mkononi. Alimsogelea aliyeongoza wimbo, akarudi nyuma kitikio kilipoingia. Hivyo alitumia ile mbele na nyuma tuliyoitaja. Miongoni mwa aliyoyanasa ni muziki wa Lubiri, jumba la Kabaka huko Mengo. Mwezi Mei 1966 Lubiri ilishambuliwa, Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia ng'ambo, na wapigaji wake wakatawanyika. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, lakini wengi wa mabingwa wale hawakuwako tena. Anayetaka kujua muziki wa Lubiri ulivyokuwa kabla ya siku ile atazisikiliza kazi hizo za mono, wala hatalalamika kwamba hazina kulia na kushoto.

Hata hivyo liko swali ambalo mono haiwezi kulijibu vema. Chukua marimba iitwayo amadinda, yenye mbao 12 na wapigaji watatu wanaotazamana, huku mbao zikiwa katikati yao. Wa kwanza hupiga mapigo yake sawasawa. Wa pili huingiza yake katikati hasa ya yale ya kwanza, kwa kasi kubwa. Wa tatu husikiliza kinachojitokeza katika mbao mbili za chini kabisa, na kukirudia katika mbao mbili za juu kabisa. Anayesikiliza husikia nyimbo ambazo hazipigwi na mkono wa mtu yeyote mmoja. Zimezaliwa na mapigo yaliyounganika. Gerhard Kubik kutoka Austria, aliyeanza kujifunza kwa mwalimu Evaristo Muyinda mjini Kampala mwaka 1959, aliandika sana juu ya jambo hilo.

Katika mono mapigo hayo huungana kama ilivyokusudiwa, na nyimbo zile hujitokeza. Lakini mwanafunzi atakaye kujua ni nani anayepiga nini atapata taabu. Kwake stereo ni msaada mkubwa, maana yaweza kumweka mpigaji mmoja kulia na mwenzake kushoto. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, miaka ya 1970, Simha Arom alikwenda mbele zaidi. Alimnasa mpigaji mmoja katika mkondo mmoja. Kisha akampa mpigaji wa pili spika za masikioni amsikie mwenzake, naye akapiga sehemu yake ikanaswa katika mkondo wa pili. Hivyo, sehemu moja baada ya nyingine, aliufumua muziki wa pembe za Wabanda-Linda bila kuukata.

Mnaona, basi. Ukitaka watu waisikie kazi ikiwa nzima, mono yatosha, na pengine yashinda. Ukitaka kujua nani yuko wapi, stereo ndiyo yenye jibu. Kabla ya kuuliza ni chombo gani kilicho bora, uliza kwanza: nanasa kwa ajili ya nini, na nani atasikiliza kwa chombo gani?

6. Yaliyonipata

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda na wanafunzi watano kwa mzee mmoja aliyejua sana kupiga endongo, kinubi cha nyuzi nane. Tulikuwa na maikrofoni mbili, nami nilijivuna kwamba tutamnasa kwa stereo. Tulimketisha katikati, maikrofoni moja kila upande. Akaimba nyimbo mbili ndefu. Wakati wa wimbo wa pili mvua ilinyesha juu ya mabati, lakini mzee hakuacha, nasi hatukumkatiza.

Jioni nilisikiliza kwa spika za masikioni. Sauti ilikuwa pana ajabu, kana kwamba mzee anaimba pande zote za kichwa changu. Nilifurahi. Laiti ningalijua kwamba upana ule usio wa kawaida ulikuwa dalili ya ugonjwa! Waya wa maikrofoni moja ulikuwa umeunganishwa kinyume, nami sikuukagua. Ule wimbo wa pili niliujumlisha kuwa mono ili upungue ukubwa, na faili lake la awali nikalifuta, maana kadi ya kumbukumbu ilikuwa imejaa. Sikuusikiliza tena baada ya kuujumlisha.

Mwaka uliofuata mzee alifariki. Jamaa zake waliomba nyimbo zile zipigwe siku ya matanga. Tukaweka spika moja uani, watu wakanyamaza. Tuliuanza ule wa pili, uliokuwa maarufu. Ikasikika mvua. Mvua ile iligonga mabati huku na huku bila mpango, haikuwa sawa katika mikondo miwili, kwa hiyo haikufutika. Lakini mzee na kinubi chake, waliokuwa katikati hasa, walikuwa kama mnong'ono nyuma ya mvua. Mjukuu wake alinigeukia akaniuliza, “Mwalimu, babu yuko wapi?” Sikuwa na jibu.

Wimbo wa kwanza tuliuokoa. Mikondo yake miwili ilikuwapo bado, kwa hiyo niligeuza mmoja juu chini kwa kompyuta, na mzee akarudi kati yetu, yeye na nyuzi zake nane. Wa pili haukuokoka. Kilichofutana katika jumla hakitenguliki, kama vile huwezi kujua namba mbili zilikuwa zipi ukiambiwa tu kwamba jumla yake ni sifuri.

7. Mambo ya kushika

Kwanza, ukiwa na maikrofoni moja nzuri, itumie bila haya. Iweke karibu na lile lililo la maana, na mbali na mabati.

Pili, ukitumia mbili kwa stereo, njia iliyo salama ni kuziweka pamoja, kichwa kwa kichwa, moja ikielekea kulia na moja kushoto, kwa pembe kama nyuzi 90. Hapo sauti hufika zote kwa wakati mmoja, na zikijumlishwa hazifutani.

Tatu, ukiwawekea watu wawili kila mmoja maikrofoni yake, umbali kati ya maikrofoni na maikrofoni uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya mtu na maikrofoni yake.

Nne, kabla ya kuondoka mahali, sikiliza kwa mono. Simu nyingi zina sehemu ya kuchagua hivyo katika mipangilio ya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Au tumia spika moja ndogo. Sauti ya katikati ikizama, kagua nyaya.

Tano, usifute faili la awali. Kadi nyingine yaweza kununuliwa.

Sita, mkumbuke mwenzenu asiyesikia kwa sikio moja. Ukimpa stereo kwa spika za masikioni, umempa nusu. Mwekee mono, apate yote.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini mtu aliyeziba sikio moja ajua kuwa zilialo ni funguo, lakini hajui ziko wapi?

(b) Maikrofoni mbili zimetofautiana kwa sentimita 17 kutoka kwa mwimbaji. Ni tuni ya mitetemo mingapi itakayofutika kwanza mikondo ikijumlishwa?

(c) Eleza kwa nini mvua ilibaki na mzee akapotea.

(d) Katika kijiji chenu ni nani ambaye sauti yake haijanaswa bado? Swali hili msinijibu kwa kalamu. Nendeni kwake likizo ijayo, mkague nyaya zenu kwanza.